Kati ya Sabasaba na Nanenane

Yule askari alizisoma tiketi zetu upande wa mbele, akazigeuza akasoma upande wa nyuma ambako hakukuwa na maandishi, kisha akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wafiwa.

"Bwana," akasema, "mmechelewa."

Nikatazama saa. Tiketi zilitutaka saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na muda ule ilikuwa saa tatu na robo. Nyuma yangu, chini ya miti ya uwanja wa Independence Hall, Philadelphia, walisimama watu sita niliowaamsha saa tisa za usiku: mke wangu, wanangu watatu, shemeji, na Shangazi, mwalimu mstaafu wa historia aliyetoka Tanga, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa amevuliwa viatu na kupekuliwa kashata zake mojamoja kwenye meza ya ukaguzi. Nikatoa tabasamu la mtu mwenye ushahidi.

"Bado dakika ishirini na tano," nikamwambia. "Tumewahi."

"Mmechelewa siku thelathini."

Akaniwekea kidole kwenye tarehe. 07/08. Nikamwambia ndiyo, leo ni tarehe saba mwezi wa nane, si hiyo hapo? Akaivua kofia yake, ile kofia pana bapa wanayovaa askari wa hifadhi za taifa za Marekani, akajipangusa jasho, na taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini kuku wa pilau hawezi kurudi bandani, akanieleza kwamba hiyo si tarehe saba mwezi wa nane. Hiyo ni tarehe nane mwezi wa saba. Julai nane ilikuja, ikatungoja mlangoni watu saba, ikatukosa, ikaondoka zake.

Ukimya wa jamaa zako una sauti yake. Niliusikia ukinijia mgongoni. Halafu Shangazi akauliza, kwa sauti ileile iliyotia adabu darasa la saba kwa miaka thelathini na kitu:

"Kwani leo tarehe ngapi?"

Kwetu askari wa hifadhi analinda tembo. Huyu alikuwa analinda chumba chenye viti na meza zilizofunikwa vitambaa vya kijani, na kwa haki ya Mungu nasema hakuwa na kosa hata chembe. Aliuliza wenzake kwa redio kama kuna nafasi. Hakukuwa na nafasi siku hiyo wala kesho yake. Alituelekeza choo kilipo. Akampa mwanangu mdogo ramani. Ningefurahi sana kama angekuwa mkali kidogo, nikapata pa kuitua hasira yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mzembe. Mzembe ana nafuu yake, akipatwa na jambo anacheka na wanaomcheka. Mimi nilitengeneza ratiba. Ilikuwa karatasi moja ya A4 yenye jedwali, nikaipeleka ikapigwa lamineshini pande zote mbili, ngumu kama kitambulisho, nikagawa nakala saba. Ilikuwa na safu ya Mahali, safu ya Muda, safu ya Msimamizi, na safu ya Choo, hiyo ya mwisho kwa heshima ya Shangazi. Chini kabisa niliandika kwa wino mwekundu: ATAKAYECHELEWA DAKIKA TANO ATAACHWA. Mke wangu alinishauri niuondoe mstari huo. Nikamwambia hii si harusi ya kwao.

Na kosa la muda, lile ambalo humtega kila Mswahili akiwa ugenini, nililiziba mapema. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana na mtu yeyote mwenye macho anaikubali. Wao huanza kuhesabu katikati ya usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Wanangu waliokulia huku ukiwaambia saa tatu wanasikia tatu ya kwenye simu. Shemeji, aliyekaa Marekani miaka ishirini, akisema saa tisa huwa anamaanisha saa ya kwetu siku nyingine na ya kwao siku nyingine, na utaijua ni ipi baada ya kumngoja. Basi safu ya Muda nikaipasua mbili, Saa Yetu na Saa Yao. Nikaipitia mara nne. Nilijenga ukuta mrefu upande wa saa, mwizi akapita upande wa tarehe, kwenye uwazi aliokuwa akiuona siku zote.

Dalili zilikuwepo, kwani nini. Siku ya Sabasaba nilipokea barua pepe: ziara yenu inakaribia, jiandaeni. Niliisomea mezani kama mfano. "Mnaona wenzetu? Mwezi mzima kabla, mtu anakumbushwa." Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo, huku nikitafuna mahindi ya kuchoma. Siku tatu baadaye ikaja nyingine: asanteni kwa kututembelea, mmeionaje ziara? Nikajua kompyuta yao imechanganyikiwa. Sikutaka kuwavunja moyo, nikawapa nyota tano.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa hesabu. Usiku mke wangu akilala mimi nahesabu, na nimefika mahali ambapo siwezi kunyamaza, kwa hiyo nivumilieni. Kila mwezi una tarehe kumi na mbili za mwanzo zinazoweza kujifanya mwezi. Miezi ni kumi na miwili. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Hizo ndizo tarehe za mwaka zinazosomeka pande zote. Toa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, yaani 1/1, 2/2, hadi 12/12, ambazo hata ukizigeuza hazidhuru, zinabaki 132. Siku 132 kila mwaka, zaidi ya theluthi, Mtanzania na Mmarekani wanaweza kushika karatasi moja, wakaisoma wote wawili kwa uhakika, kisha kila mmoja akajitokeza mwezi wake. Siku 221 zilizo nje ya zile 144 ni salama kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mwezi wa kumi na tatu. Mimi nilipata dozi ndogo, siku thelathini. Mwenye tiketi ya 12/1 akiisoma 1/12 anakosea kwa takriban miezi kumi na moja. Huyo akifika getini sijui ataambiwa nini.

Ukishalijua hilo ndipo utakapowaelewa wazee wetu. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, siku hiyo tukaiita Sabasaba. Wakulima wakapewa tarehe nane mwezi wa nane, tukaiita Nanenane. Isome kwa mbele, isome kwa nyuma, isomee Dodoma au Washington, inabaki palepale. Kwa miaka nilidhani ni majina tu ya kupendeza masikioni. Kumbe ni kinga. Na mimi nilikata tiketi ya kesho yake ya Sabasaba, nikasafiri mkesha wa Nanenane. Nilikuwa na sikukuu mbili za kujishikiza, moja huku moja kule, nikadumbukia katikati yake. Wakenya na Jamhuri yao ya 12/12 nao walichagua pazuri. Lakini Uhuru wa Tanganyika, 9/12, ukimwandikia Mmarekani atakuja Septemba. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1, atayaadhimisha Desemba. Madaraka ya Kenya, 1/6, kwake ni ile siku ya Januari ambayo mwaka 2021 watu walilivamia Bunge lao.

Nimejaribu kuwatetea. Mmarekani anaandika anavyosema, na anasema mwezi kwanza. Azimio lao la Uhuru lenyewe, hilo lililopitishwa ndani ya jengo nililozuiwa kuingia, limeandikwa juu kabisa "Julai 4, 1776", mwezi mbele. Sawa. Lakini waulize sikukuu hiyo inaitwaje. Wanaiita ya Nne ya Julai, siku mbele! Kumbe wanaweza. Na jeshi lao nalo huandika siku kwanza, ndipo mwezi, nadhani kwa kuwa mwenye mizinga hapendi kufika mahali kabla ya mwezi wake.

Tena kuna hili, na hapa ndipo ninapoanza kuchukia kidogo. Kongamano lao lilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai. Mjumbe mmojawapo, John Adams, akamwandikia mkewe kwamba siku hiyo ya pili ya Julai itasherehekewa na vizazi vyote. Tarehe 4 wakapitisha maandishi. Sahihi nyingi zikatiwa tarehe 2 Agosti. Na wananchi wa kawaida, wenye nchi, walisomewa Azimio hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 8 Julai, na aliyelisoma ni Kanali John Nixon, akisimama kwenye uwanja wa nyuma wa jengo hilihili.

Tarehe nane Julai. Uwanja huu.

Yaani kwa kutojua kuandika tarehe nilikuwa nimekata tiketi saba za siku yenyewe, ya mahali penyewe, siku ambayo mwalimu wa historia angeweza kusimama pale akalia kwa haki. Nilipomweleza Shangazi, hakulia. Alisema, "Mwanangu, ungekaa tu usiniambie." Wao walikuwa na tarehe nne za kuchagua, wakachukua moja, wakairushia fataki mpaka leo. Mimi nilikuwa na mbili nikafungiwa mlango. Wakikosea wao huwa sikukuu.

Tiketi zenyewe zilikuwa dola moja moja, ada ya kushikiwa nafasi, jumla saba. Maegesho ya gari chini ya ardhi yalikula zaidi ya mara nne ya hizo, na hayo yalinipokea tarehe yoyote.

Shangazi ndiye aliyetuokoa pale getini. Alifungua mkoba, akatoa noti ya dola mia aliyoitunza ndani ya bahasha ndani ya leso, akaigeuza. Nyuma ya noti ya dola mia pamechorwa jengo hilohilo, Independence Hall, na mnara wake. Akaiinua noti, akafumba jicho moja, akalinganisha. "Ndilo," akasema. "Twendeni, tumeliona." Noti hiyohiyo alikataliwa Tanga kwenye duka la kubadilishia fedha, kwa sababu mwaka uliochapwa juu yake ni wa zamani. Tarehe, jamani. Popote ninapogusa naikuta tarehe.

Tukavuka barabara ya Chestnut kwenda kuitazama Kengele ya Uhuru, ambayo haina tiketi, haina ada, ukipanga foleni unaingia. Kwenye ratiba yangu niliiandikia dakika kumi na tano. Tulikaa saa nzima, na aliyegoma kuondoka nilikuwa mimi.

Hadithi ya ile kengele kila mtu anadhani anaijua: iligongwa, ikapasuka. Basi sikilizeni. Bunge la jimbo la Pennsylvania liliiagiza kutoka kiwanda cha kengele cha Whitechapel, London, ikafika mwaka 1752. Wakaitundika waijaribu, pigo la kwanza, ufa. Kuirudisha London ni mbali. Mafundi wawili wa mjini, John Pass na John Stow, wakaiyeyusha na kuisubu upya wakiongeza shaba nyekundu ili isivunjike, maana shaba ni laini. Haikuvunjika, ila sauti yake ilikuwa aibu, watu wakawacheka. Wakaiyeyusha tena, wakaisubu mara ya pili, 1753, wakapachika majina yao mbele: Pass na Stow. Hebu fikiria ujasiri huo. Mimi nikikosea mara moja nataka ardhi inimeze. Wale walikosea mbele ya mji mzima, wakarudia, kisha wakasaini. Na jina la jimbo likaandikwa "Pensylvania", n moja, maana enzi hizo tahajia ilikuwa ridhaa ya mtu.

Ikalia hivyo karibu miaka tisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 ukatokea ufa mwembamba. Na hapa ndipo niliposimama nikashindwa kuondoka, kwa sababu lile pengo kubwa unaloliona kwenye picha, lile unaloweza kuingiza kidole, si ufa. Ni matengenezo. Shida ya kengele yenye ufa ni kwamba kingo mbili za ufa zinasuguana ikigongwa, sauti inakoroma kama spika ya daladala. Fundi afanyeje? Kuubana hawezi. Basi anautanua! Anachimba kwa keekee, tundu baada ya tundu, kuufuata ufa toka ukingo wa chini kwenda juu, mpaka kingo zote mbili ziachane zisigusane kabisa. Alama za keekee bado zipo, unaziona kwa macho, zimefuatana kama meno ya msumeno. Nilimwita Shangazi aje azione. Akaziangalia kwa muda, akasema, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameupanua." Kisha akasogea karibu zaidi. "Na ukuta?"

Ukuta wakaujenga, ndilo hilo jumba la vioo tulimokuwa. Maana mwaka 1846 waliigonga kengele iliyotengenezwa kwa kuadhimisha kuzaliwa kwa George Washington, na palepale ukazuka ufa wa pili, mwembamba kama unywele, kutoka juu ya yale matengenezo, ukapanda ukipinda, ukapita katikati ya neno "Uhuru" lililoandikwa kwa Kiingereza pale juu. Huo ndio ulioinyamazisha. Wanaopiga picha hawauoni. Wanapiga picha ya kazi ya fundi.

Na hiyo sikukuu ya kuzaliwa Washington, nisipoisema nitaugua. Alipozaliwa, Virginia ilitumia kalenda ya kale, na tarehe ilikuwa 11 Februari 1731. Mwaka 1752, mwaka uleule kengele ilipofika, Waingereza na makoloni yao wakahamia kalenda mpya: watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Siku kumi na moja zikafutwa, na Washington akahamia 22 Februari 1732. Baadaye sheria ya sikukuu za Jumatatu ikaipeleka sikukuu yake Jumatatu ya tatu ya Februari, ambayo ukihesabu haiwezi kuzidi tarehe 21. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya baba wa taifa kamwe haiangukii siku yake ya kuzaliwa. Hakuna aliyemzuia getini.

Lakini mtu huyo tarehe alizijua. Hapo nje ya mlango wa jumba la kengele, hatua chache tu, pana msingi wa nyumba aliyokaa akiwa rais, kuanzia 1790 hadi 1797, mji huu ulipokuwa makao makuu ya nchi. Pana ukuta wenye majina tisa yaliyochongwa. Ni ya watumwa aliowaleta kutoka shambani kwake Virginia. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilisema mgeni akimweka mtumwa wake jimboni zaidi ya miezi sita mfululizo, mtumwa huyo anaweza kudai uhuru wake. Basi Washington alikuwa akiihesabu miezi. Ikikaribia sita, mtu anapelekwa nje ya jimbo, Virginia au hata ng'ambo ya mto tu New Jersey, akirudishwa hesabu inaanza upya. Na alitaka lifanyike bila wao wala watu wa nje kujua sababu. Hapo sikuona cha kuchekesha, na sikioni hata sasa. Mwenye uhuru wa kuhama na siku yake ya kuzaliwa alikuwa na kalenda mkononi akiwahesabia wengine siku ili zisitimie.

Mmoja wa wale tisa, Ona Judge, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Mei 1796 akatoka nyumbani hapo, Washington na mkewe wakiwa mezani wanakula, akapanda merikebu hadi New Hampshire. Walimtafuta, hakurudi. Hercules, mpishi wao hodari, naye akatoroka mwaka uliofuata.

Shangazi aliyasoma majina yote tisa kwa sauti ya chini, kama anayeita mahudhurio. Kisha akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akavua kiatu kimoja.

"Miezi sita," akasema. "Na mimi walinipa miezi sita."

Nikamwambia si sawa, Shangazi.

"Najua si sawa. Nimefundisha hayo kabla hujazaliwa." Akakivaa kiatu. "Mimi wananihesabia nisikae. Hawa walihesabiwa wasitoke. Lakini anayehesabu nimemtambua mwandiko."

Sina la kuongeza hapo, ila nakumbuka dirisha alilosimama Shangazi kuomba viza, na swali aliloulizwa mara tatu kwa maneno tofauti: utarudi? Mtu ana shamba la machungwa Muheza, ana pensheni, ana wajukuu kumi na wawili na msikiti anaousimamia usafi wake, na anatakiwa amthibitishie kijana nyuma ya kioo kwamba hataacha hayo yote kwa ajili ya kuja kukaa kwenye chumba cha wageni cha mpwa wake asiyejua kusoma tarehe. Ada ya kuomba hairudishwi ukikataliwa. Na viza yenyewe ikitoka, iangalie: siku kwanza, mwezi kwa herufi tatu, mwaka kamili. Imeandikwa kikwetu! Penye kukuambia mwisho wa kuingia ni lini, hawakuachii nafasi hata ndogo ya kukosea.

Mengine ya siku ile yalikuwa madogo. Mji ulipangwa na William Penn mwaka 1682 kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, barabara za namba zikikata za majina ya miti, kwa hiyo kwenye ratiba niliandika kwamba atakayepotea tukutane Barabara ya Kumi na Nne. Haipo. Kuna ya kumi na tatu, kuna ya kumi na tano. Ya kumi na nne inaitwa Broad. Wala ya kwanza haipo, inaitwa Front. Shemeji alipotea, na kwa kuwa ni mtiifu alizunguka dakika arobaini akiitafuta.

Kwenye kaburi la Benjamin Franklin watu hurushia sarafu, hadi zimelichakaza jiwe. Shangazi aliuliza kama marehemu alikuwa mwimbaji wa taarab.

Mkate wa nyama na jibini wa Philadelphia: niliuliza kama ni halali mbele ya watu thelathini wenye njaa. Sitarudia.

Ngazi za jumba la sanaa, zile sabini na mbili ambazo yule bondia wa sinema alipanda akikimbia: mwanangu mkubwa alipanda akikimbia, mimi nilipanda nikiwa na mkoba wa Shangazi.

Tulirudi nyumbani usiku. Njiani hakuna aliyenizomea, na hilo lilikuwa baya. Nakala moja ya ratiba niliikuta siku ya pili jikoni, imewekewa sufuria ya maharage. Lamineshini inastahimili joto, nakiri hilo nililichagua vizuri.

Kisha nikapata wazo. Nilikaa nalo siku mbili nikilipima kwa kila upande, halafu Ijumaa baada ya chakula cha jioni nikawaita wote sebuleni. Nikawaambia tunarudi Philadelphia, tena nimeshakata tiketi, saba, mpya. Nikawaonesha: 10/10. Tarehe kumi mwezi wa kumi. "Igeuzeni," nikasema. "Mpeni Mmarekani aisome, mpeni Mchina, mpeni kipofu aipapase." Na muda wake saa nne asubuhi, yaani kwa saa yao 10:00. Kumi, kumi, kumi. Sabasaba yangu mwenyewe, Nanenane yangu mwenyewe. Mwanangu mdogo alipiga makofi. Hata mke wangu alitikisa kichwa kwa namna iliyokaribia pongezi.

Shangazi alinyanyuka, akaingia chumbani. Nilidhani ameguswa. Akarudi na pasipoti, akavaa miwani, akafungua ukurasa wenye muhuri wa uwanja wa ndege, akanisogezea chini ya taa, akaweka kidole.

Aliingia Aprili. Chini ya muhuri, kwa mkono, afisa alikuwa ameandika mwisho wa kukaa kwake: OCT 09.

"Tazama palivyoandikwa vizuri," akasema. "Hata wewe umepasoma."